Namna ya kumpima kijana wa drafti: anza na timu, mchezaji baadaye

Drafti inayozungumzwa hapa si ile ya vifuniko vya soda inayochezwa barazani. Ni ile shughuli ya mwezi wa Juni, tangu 2024 ya siku mbili, ambapo timu za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, huchagua vijana kwa zamu, raundi mbili, nafasi zipatazo 60. Kwa saa zetu raundi ya kwanza huanza saa tisa za usiku. Kunapokucha, kuanzia Darajani, Unguja, mpaka Chake Chake, Pemba, kila mwenye simu keshatoa hukumu: hawa wamepata mtu, wale wamelamba garasa.

Hukumu nyingi za asubuhi ile zina kosa moja. Zinampima kijana peke yake, kana kwamba atacheza mwenyewe uwanjani. Fundi wa milango hapasui mbao kabla ya kupima uwazi wa ukuta, kwa sababu mlango uliochongwa vizuri namna gani, usipoingia kwenye fremu, ni kuni za bei ghali. Njia iliyoelezwa hapa inapima uwazi kwanza. Inafaa kwa anayefuatilia NBA, na kwa kocha wa klabu anayetaka kumsajili kijana wa skuli ya sekondari.

Gawa dakika 240

Mechi ya NBA ni dakika 48 na wachezaji ni watano, kwa hiyo kila timu ina dakika 240 za kugawa. Mechi za kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, zikiwemo za kwetu, ni dakika 40, na hesabu inakuwa 200.

Andika majina ya wote wenye mkataba wa msimu ujao. Mbele ya kila jina weka wastani wa dakika alizocheza msimu uliopita. Futa wanaoondoka. Kilichobaki mpaka kufika 240 ndio uwazi wako. Kisha chukua karatasi ya pili ufanye hesabu hiyohiyo kwa msimu wa tatu kutoka sasa. Karatasi hii wengi huiruka, nayo ndiyo yenye maana zaidi. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza hupewa mkataba wa miaka minne, miwili ya mwanzo ya uhakika na miwili ya mwisho kwa hiari ya timu, na kijana wa miaka 19 ni nadra kukomaa msimu wa kwanza. Unamnunulia nafasi itakayokuwa wazi yeye akishaiva.

Usigawe kwa majina ya nafasi, senta, winga na kadhalika. Gawa kwa kazi. Nani anapandisha mpira na kuanzisha mashambulizi? Nani analinda ringi? Nani anasimama kona na kutia pointi tatu bila kuhitaji kudunda mpira? Nani anamkaba mfungaji mkubwa wa wapinzani? Nani anaweka skrini, yaani kusimama amzibie njia mlinzi wa mwenzake, na kukimbilia ringi? Mtu mmoja anaweza kubeba kazi mbili, hata tatu. Kazi isiyokuwa na jina mbele yake ndiyo unayoitafutia mtu.

Mfano wenye uchungu kwa Watanzania ni wa mwaka 2009. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi 7 na inchi 3, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi (mipira iliyookotwa baada ya mtupo kukosa) 10.8 na mipira 4.2 aliyoizima. Kwa karatasi ya mchezaji peke yake, huwezi kumkataa. Ila Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol pale katikati, na Julai ya mwaka huohuo wakamleta Zach Randolph, mtu mwingine wa kufanya kazi chini ya ringi. Thabeet akapata kama dakika 13 kwa mechi. Februari 2010 akapelekwa ligi ya chini kujiendeleza, na Februari 2011 akauzwa Houston. Hatusemi kwamba angepelekwa kwingine angekuwa nyota, maana alikuwa na upungufu wake, tutaufikia. Tunasema uwazi haukuwepo. James Harden alichaguliwa wa 3 mwaka ule, Stephen Curry wa 7.

Philadelphia walirudia kosa la jinsi hiyo miaka mitatu mfululizo. Nerlens Noel waliyempata usiku wa drafti ya 2013, Joel Embiid 2014, Jahlil Okafor 2015. Masenta watatu kwa nafasi ambayo kwa kawaida inatosha mmoja na wa kumpumzisha. Wawili waliondoka.

Mpira ni mmoja

Baada ya dakika, gawa mpira. Takwimu za NBA huonesha kila mchezaji anamaliza asilimia ngapi ya mashambulizi ya timu akiwa kiwanjani, ama kwa kurusha, ama kwa kupata mitupo huru, ama kwa kupoteza mpira. Ukijumlisha watano lazima ifike 100, yaani wastani ni 20 kwa kila mmoja.

Tuseme timu ina nyota anayechukua 32 na mwenzake anayechukua 28. Zimebaki 40 za watu watatu, kama 13 kila mmoja. Sasa anakuja kijana ambaye chuoni alikuwa anachukua 30. Kuuliza kama anajua kufunga si swali tena, linajulikana. Uliza anafanya nini zile nafasi anazokuwa hana mpira. Je, anasimama mikono magotini, au anakata kwenda ringi, anaweka skrini, anasogea pale ambapo pasi itamfikia? Kijana ambaye hajawahi kuishi bila mpira anaweza kuchukua miaka miwili kujifunza, na wengine hawajifunzi kabisa.

Faili la mchezaji

Andika tarehe kamili ya kuzaliwa, usiridhike na mwaka tu. Pointi 15 za kijana wa miaka 18 na miezi 9 si sawa na pointi 15 za mwenye miaka 22, kwa sababu huyu wa pili anacheza na wadogo zake. Kwa kanuni za NBA mchezaji lazima atimize miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti, na wa nje ya Marekani huingia mwenyewe bila kujiandikisha mwaka anaotimiza 22.

Kisha urefu, bila viatu. Kiatu huongeza sentimita 2 hadi 3, na NBA yenyewe tangu msimu wa 2019-20 imezitaka timu zitoe urefu wa mtu asiyevaa viatu, kwa kuwa inchi za uongo zilikuwa zimezidi.

Muhimu kuliko urefu ni pima. Wavuvi na manahodha wanaijua: mikono ikitandazwa, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa watu wa kawaida pima hukaribiana na urefu wa mtu. Kwa wachezaji wa NBA huzidi, na ziada ya sentimita 10 ni jambo la kawaida. Draymond Green alikuwa na kama sentimita 198, mfupi kwa kazi aliyokuwa akiifanya, na hilo lilichangia kuachwa mpaka nafasi ya 35 mwaka 2012. Pima yake ilikuwa karibu sentimita 216. Golden State walipata mlinzi wa kuwakaba watu wa kila kimo. Ongeza na mfiko, yaani mkono ulioinuliwa juu mtu akiwa amesimama bila kuruka. Kichwa hakizuii mpira.

Kwa takwimu za kurusha, jihadhari na idadi ndogo. Msimu wa chuo ni mechi 30 na kidogo. Aliyerusha pointi tatu 100 akatia 38 anaweza, kwa bahati tu, kuwa ni mtu wa asilimia 33 au 43, na hata tofauti ya 10 juu au chini haishangazi sana. Ndiyo maana wapimaji hutazama mitupo huru pamoja na pointi tatu. Mtupo huru hauna mtu wa kukukaba, umbali haubadiliki, kwa hiyo unaonesha mkono wenyewe. Kawhi Leonard msimu wake wa pili chuoni alitia asilimia 29 tu ya pointi tatu, lakini mitupo huru karibu 76. Mwaka 2011 alichaguliwa wa 15, akapelekwa San Antonio kwa kubadilishana na George Hill, na msimu wa kwanza akatia asilimia 37.6 ya pointi tatu. Kwa upande wa pili, Okafor alitia mitupo huru asilimia 51 akiwa chuo cha Duke. Mkono wa namna hiyo usiupangie kazi ya kona.

Kutazama mechi

Video za mabao matamu zifute kichwani. Tafuta mechi nzima zisizopungua tano, na zichague kwa makusudi: moja dhidi ya timu bora aliyokutana nayo, moja dhidi ya mtu mwenye mwili mzito kuliko wake, moja ya ugenini, moja aliyoboronga, na moja ya mwisho wa msimu akiwa amechoka. Ukiogopa bando, pakua usiku kwa ubora wa chini. Kwa kazi hii huhitaji kuona jasho, unahitaji kuona miguu.

Kila mechi itazame mara tatu. Mara ya kwanza fuata mpira kama mtazamaji yeyote. Mara ya pili mtazame yeye tu timu yake ikishambulia, hasa asipokuwa na mpira. Mara ya tatu mtazame yeye tu akilinda. Mara ya tatu ndiyo inayochosha, na ndipo ukweli ulipo.

Daftari la ulinzi lichore safu nne: skrini alizokumbana nazo, namna alivyozipita (juu, chini, alinasa, au alibadilishana mtu na mwenzake), kama alichelewa, na kilichotokea. Endelea mpaka ufike skrini 30. Chini ya hapo usiseme lolote. Kwa mtu mrefu ongeza safu ya tano: mpandisha mpira akimjia, je, anashuka na kusubiri ringi, au anaweza kutoka nje akateleza pembeni hatua tatu nne bila miguu kupishana? Senta asiyeweza kutoka atatafutwa kila shambulizi, timu pinzani itamvuta mpaka nje ya mstari wa pointi tatu, na mlinzi wa ringi aliyevutwa nje halindi kitu.

Kuhusu mwili mzito, rudi kwa Thabeet. Februari 2009 Connecticut walicheza na Pittsburgh, na DeJuan Blair wa futi 6 na inchi 7 tu akafunga pointi 22 na kuokota rebaundi 23 mbele ya Thabeet. Inchi nane za tofauti hazikusaidia kitu, kwa sababu Blair alikuwa na makalio mapana, kiuno cha chini, na alijua kumsukuma mtu kabla mpira haujarushwa. Mpimaji mwenye daftari angeandika: je, akisukumwa anasogea hatua ngapi? Msuli unaongezeka kwa mazoezi, sawa, ila kitovu kikiwa juu sana mtu atasukumika tu.

Kanuni zinazobadilisha mtu

Kijana anatoka kwenye mchezo mmoja anaingia mwingine. Mstari wa pointi tatu wa FIBA uko mita 6.75, na kwenye kona 6.60. Wa NBA ni mita 7.24 mbele na 6.71 konani. Kwa hiyo anayetia kutoka kona hahami sana, anayetia kutoka mbele ya ringi anaongezewa karibu nusu mita. Hesabu mitupo yake kwa maeneo, usichanganye.

NBA mlinzi haruhusiwi kukaa ndani ya eneo lililopakwa rangi zaidi ya sekunde tatu asipokuwa anamkaba mtu kwa karibu. FIBA na vyuo vya Marekani hawana katazo hilo. Mrefu aliyezoea kusimama kama mnara wa taa chini ya ringi, timu yake ikicheza ulinzi wa eneo (kila mtu analinda sehemu yake badala ya kumkaba mtu wake), atajikuta anapigiwa filimbi au anakimbizwa. Timu za vijana zinapenda sana ulinzi wa eneo kwa kuwa unaficha miguu mizito. Ukiona mechi tano na zote ni za eneo, hujaona ulinzi wake bado.

Tena vyuoni saa ya kurusha ni sekunde 30, NBA 24. Mtu anayehitaji kudunda mara nane kabla ya kuamua ataishiwa.

Waulize wanaomjua, lakini uliza vizuri

Mwalimu hatamsema vibaya kijana wake mbele ya mgeni, na mzazi ndiyo kabisa. Swali la "ana nidhamu?" lina jibu moja tu duniani. Uliza maswali yenye idadi: mwezi uliopita alikosa mazoezi mangapi? Nani hufungua kiwanja asubuhi? Mara ya mwisho kutolewa mechini alikaa wapi kwenye benchi, na alifanya nini? Katika msimu mmoja alibadilisha nini kwenye urushaji wake, na nani alimfundisha? Jibu la hili la mwisho linaonesha kama kijana hufundishika.

Upande wa pili wa swali hilo ni timu. Nani atamfundisha? San Antonio walikuwa na Chip Engelland, mwalimu wa urushaji aliyejulikana kwa kazi hiyo, na wakampa Leonard muda. Kijana huyohuyo katika timu inayobadilisha kocha kila msimu angekuwa na hadithi nyingine. Kwenye karatasi yako andika: kocha amekaa miaka mingapi, na vijana watatu wa mwisho waliochaguliwa na timu hiyo wameongezeka nini.

Afya, mwachie daktari, ila usiiruke. Blair tuliyemtaja alishuka mpaka nafasi ya 37 mwaka 2009 kwa sababu magoti yake yote mawili hayakuwa na ile kano kuu ya katikati. Bado alicheza NBA kwa miaka.

Lini usiitazame nafasi kabisa

Hapa ndipo wapimaji hujikwaa. Mwaka 1984 Portland walikuwa na zamu ya pili. Walikuwa na Clyde Drexler, waliyemchagua mwaka mmoja nyuma, na Jim Paxson, wote wa kazi za pembeni. Uwazi wao ulikuwa wa senta. Wakamchukua Sam Bowie, na Chicago waliokuwa wa tatu wakamchukua Michael Jordan. Kwa karatasi ya dakika walikuwa sahihi kabisa!

Kwa hiyo panga vijana kwa madaraja kabla ya kupanga kwa namba. Walio daraja moja, chagua anayeziba uwazi. Ukiona mmoja yuko daraja zima juu ya wenzake, mchukue, uwazi utatengenezwa kwa kumuuza mwingine. Juu kabisa ya drafti kipaji kina uzito zaidi. Kuanzia katikati ya raundi ya kwanza kushuka, tofauti za vipaji hupungua na kufaa ndiko kunakoamua nani atabaki ligini. Nikola Jokić alichukuliwa wa 41 mwaka 2014, na mwanzoni Denver walimchezesha pamoja na senta mwingine, Jusuf Nurkić. Haikuenda. Desemba 2016 wakamwachia Jokić nafasi peke yake, na Februari 2017 wakamuuza Nurkić.

Mwisho wa kupima, andika sentensi moja: "Msimu wa tatu atacheza dakika kadhaa, pamoja na fulani na fulani, akifanya kazi hii." Ukishindwa kuiandika bila kuweka "labda" mara mbili, hafai timu hiyo, hata kama ni mkali.

Kwa kocha wa Unguja na Pemba

Njia ni ileile, vipimo ndivyo vinavyodanganya zaidi. Kabla ya kuandika takwimu yoyote, pima kiwanja. Ringi iwe mita 3.05 kutoka sakafuni. Ringi iliyoinama sentimita 5 hutengeneza wadankaji, watu wa kushindilia mpira kwa mkono ringini, ambao hawapo. Pima mstari wa pointi tatu kwa futi kamba, kwa sababu viwanja vilivyochorwa kabla ya mwaka 2010 vina mstari wa mita 6.25 na wengi hawajaufuta. Angalia mpira pia: namba saba kwa wanaume, namba sita kwa wanawake.

Kiwanja kikiwa wazi, andika upepo. Kaskazi au kusi ikivuma, mrushaji mzuri hupoteza asilimia kadhaa upande mmoja na kuzipata upande wa pili. Mrushishe mitupo 50 kila ringi, asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, na tena alasiri. Tofauti ikiwa kubwa, shika ya asubuhi.

Pima mwili ukutani kwa chaki: miguu mitupu, visigino vimegusa ukuta, alama juu ya kichwa, alama ya mkono ulioinuliwa, alama mbili za pima. Rudia mara mbili, chukua ndogo. Umri uutoe kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kijana anayekuja kutoka Pemba usimjaribu siku aliyoshuka kwenye feri. Bahari ikichafuka anaweza kuwa na kichefuchefu mpaka kesho yake, nawe utaandika "hana pumzi". Mwezi wa Ramadhani majaribio yafanyike usiku baada ya tarawehe. Jioni mtu amefunga, unapima kiu tu.

Majaribio yawe siku mbili. Siku ya kwanza mchezeshe na wachezaji wako wa kwanza, siku ya pili dhidi yao. Akiwa nao utaona kama anaishi bila mpira. Akiwa dhidi yao utaona miguu. Mazoezi ya kurusha peke yake yaache mwisho, hayaoneshi mengi.

Karatasi zote, za dakika, za skrini na ile sentensi moja, zitie kwenye bahasha, andika tarehe, ifunge. Usiifungue baada ya msimu wa kwanza. Ngoja wa pili uishe. Linganisha dakika ulizotabiri na alizocheza, kazi uliyompangia na aliyoifanya. Ukikuta umekosea kwa zaidi ya dakika nane kwa mechi, rudi hatua kwa hatua utafute ni karatasi ipi iliyokudanganya. Mara nyingi utakuta ni ile ya timu.